Sitini Bila Kushuka

Kompyuta ilianza kulia tena, na Saadat akaondoa mguu wake kwenye kanyagio la cherehani ili asikilize. Haukuwa mlio wa kitu kibovu. Ulikuwa mlio wa kitu kinachokimbizwa: feni ilipanda, ikapanda zaidi, kisha ikashikilia sauti moja nyembamba iliyopenya ukuta na kuingia mpaka kwenye meno.

"Hamsini na tano," alisema Meerim chumbani, akimhesabia Apa, yaani mama yake, kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu. "Arobaini na nane. Thelathini na moja. Apa, usije, usije kwanza. Ishirini na mbili. Basi. Imekufa."

"Imekufa kabisa?"

"Haijafa, imechoka. Lakini kwa gemu, Apa, kuchoka na kufa ni kitu kimoja."

Saadat aliinuka, akajipangusa nyuzi za sketi za shule zilizomganda magotini, akaenda kusimama mlangoni. Binti yake, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameiinua kompyuta mpakato juu ya matofali mawili na kuielekezea feni ya mezani, ile ya majira ya joto, iliyoshushwa kutoka darini katikati ya Januari. Nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Ndani, feni ilimpulizia Meerim mwenyewe, naye alikuwa amevaa koti na kujifunga shali ya marehemu bibi yake.

Ilikuwa Ijumaa jioni, na kilichotakiwa kilijulikana na kila aliyekuwa humo. Timu moja ya gemu ya wasichana katika jiji la Almaty ilitafuta mchezaji mmoja tu. Ilikuwa imemwona Meerim akicheza mtandaoni, ikampenda, ikamwandikia. Sharti lilikuwa hili: saa mbili kamili za mchezo wake, zilizorekodiwa bila kukatwa, pamoja na sauti yake mwenyewe akiwaongoza wenzake, picha ikiwa safi na isiyokwamakwama, fremu sitini kwa kila sekunde. Mwaka uliopita watu walituma vipande vilivyoshonwashonwa, na timu ikadanganyika. Mwaka huu haikutaka mshono hata mmoja. Siku ya mwisho ilikuwa kesho Jumamosi, saa kumi alasiri.

Habari ya fremu Saadat alikuwa ameielewa kwa njia yake. Picha inayotembea ni kama upindo wa nguo: sitini ni mishono iliyokaribiana kiasi kwamba jicho halioni uzi, na ishirini ni kazi ya mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kompyuta ile iliweza kushona sitini ilipocheza tu. Ilipoambiwa icheze na wakati huohuo irekodi kila inachokicheza, ilianza kuruka mishono.

"Mpigie Temirlan," alisema.

"Nimempigia mara nne. Ya tano ataniletea mahari."

Hata hivyo alimpigia. Temirlan alikuwa mtoto wa dada yake Saadat, fundi wa kompyuta katika soko moja la mjini, kijana ambaye hakuwahi kutoa msaada bila kwanza kumsimanga anayesaidiwa.

"Enhe, bingwa wa dunia," sauti yake ilitoka kwenye simu. "Umeshaichoma?"

"Nimefanya yote uliyosema. Kazi ya kurekodi nimeitoa kwenye kichakataji nikaipeleka kwenye kadi ya picha. Faili linaandikwa kwenye diski ya nje, si ya ndani. Vivuli vya gemu nimevishusha. Nimefunga kila kitu kingine, hata muziki."

"Na aina ya faili? Isije umeme ukakatika dakika ya mwisho ukabaki na faili lisilofunguka."

"Nimechagua ile uliyosema. Hata ukiichomoa ghafla, kilichokwisha kuandikwa kinabaki."

"Basi umenizidi hata mimi. Inashuka mara moja au baada ya muda?"

"Dakika ishirini za kwanza ni sitini, safi kabisa. Halafu inaanza kuanguka."

"Hilo ni joto, dada. Mashine ikiona itaungua, inajipunguzia mwendo yenyewe. Nyumba yenu jiko limewashwa tangu Novemba, unategemea nini? Ipeleke baridini."

"Nikacheze uani? Vidole vitakatika."

"Basi ipoze mashine, wewe ubaki na moto. Namna gani, sijui. Mama mdogo yupo? Mama mdogo, shikamoo! Mwambie aolewe, gemu zina presha."

"Marahaba. Wewe kwanza, mzee mzima unayefuliwa soksi na mama yako," alijibu Saadat, na Meerim akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Simu ilipokatwa, Saadat aliangalia dirisha. Kama madirisha yote ya mtaa ule, lilikuwa la vioo viwili, cha ndani na cha nje, na katikati yake palibaki nafasi ya upana wa shubiri moja. Wakati wa baridi nafasi ile ndiyo iliyokuwa friji yao. Humo mlikaa kopo la siagi, nyama ya farasi iliyofungwa kwa kitambaa, na mtungi wa krimu. Mianya ya kioo cha ndani ilikuwa imezibwa kwa pamba na vipande vya karatasi vilivyogundishwa kwa sabuni, isipokuwa kwenye kidirisha kidogo cha pembe ya juu, ambacho Saadat alikiacha wazi upana wa kidole, usiku na mchana, tangu alipoingia katika nyumba ile akiwa bibi harusi.

"Kaiweke na siagi," alisema, akirudi kwenye cherehani yake. "Siagi yetu haijawahi kulalamika joto."

Alisema kwa mzaha. Meerim naye alicheka. Lakini Saadat alipokumbuka baadaye, na alikumbuka mara nyingi kuliko alivyotaka, ilimjia kwamba kile kicheko kilikatika mapema mno.

*

Asubuhi ya Jumamosi moshi wa mtaa mzima haukupanda. Ulitoka kwenye madohani, ukasimama kidogo kama unaotafakari, kisha ukainama na kulala juu ya mabati. Jua lilionekana kama sarafu iliyofutika. Saadat aliyajua mapambazuko ya namna ile, na hakuyapenda. Siku kama ile jiko huvuta vibaya, makaa hunung'unika, na mtu hukumbuka nyumba ya Kubat mwisho wa barabara, ambayo kufuli lake lilikuwa halijafunguliwa tangu Januari iliyopita. Walilala watu watatu mle, wakiwa wameshiba na kucheka. Hawakuamka. Hewa ya makaa haina harufu wala rangi. Inaingia kama mgeni aliyezoeleka na kukaa.

Kwa hiyo alilichochea jiko kwa uangalifu. Lilikuwa jiko la matofali, mdomo wake jikoni na mgongo wake chumbani kwa Meerim, na makaa ya mwaka huu yalikuwa mabaya, nusu yake vumbi. Saa nne alitia ndoo moja. Saa tano Meerim alikuja akamshika bega.

"Apa, usiongeze tena. Chumba kikizidi joto nimekwisha."

"Na vidole vyako?"

"Vidole navyo vinataka joto," alisema msichana, na uso wake ukawa wa mtoto. "Sijui, Apa. Nataka vyote viwili."

Saadat alifikiri. Alitaka binti yake apate alichokitaka. Baba yake Meerim alikuwa mwaka wa sita kibaruani Yekaterinburg, Urusi, akipanda na kushuka majengo ya watu, na kila alipopiga simu aliuliza swali moja: mtoto anafanya nini? Saadat alikuwa amechoka kujibu "anacheza". Alitaka siku moja ajibu "anafanya kazi Almaty".

Saa tano na nusu alifungua mdomo wa jiko. Makaa yalikuwa mekundu. Juu yake, hapa na pale, ndimi ndogo za buluu zilikuwa bado zinacheza, na alijua maana yake: moto haujamaliza. Juu ya jiko, kwenye shingo ya dohani, lilikuwapo bamba la chuma. Moto ukimalizika, bamba husukumwa ndani ili joto lisipotelee angani, na matofali hubaki na uvuguvugu mpaka jioni. Ukisukuma kabla ya hapo, kinachobaki ndani si joto peke yake.

Aliliangalia bamba. Kama angesubiri, joto lingepanda na moshi, na Meerim angecheza na vidole vya barafu. Kama angeongeza makaa, mashine ingeungua. Akalisukuma hadi robo tatu, akaacha wazi upana wa vidole viwili, kama mama yake alivyokuwa akifanya siku za haraka. Zaidi ya hayo, alijiambia, kidirisha kiko wazi. Kidirisha kiko wazi siku zote.

"Nakwenda kwa Ainash," alisema, akivaa buti. "Cherehani yangu isije ikaingia kwenye sauti yako. Nirudi saa ngapi?"

"Saa nane. Hata nyumba ikiungua, usije kabla ya saa nane. Nitatia komeo."

"Usiseme hivyo."

"Nisiseme nini?"

"Habari za nyumba kuungua. Sema neno jema."

"Neno jema," alisema Meerim, akambusu shavuni, akamsukuma nje.

*

Ainash alikaa ng'ambo ya barabara, nyumba ikitazamana na nyumba. Alikuwa mjane mnene wa miaka sitini, mwenye mikono ya mwokaji na ulimi usiopumzika. Siku ile alikuwa akikaanga boorsok, vile vipande vya unga vinavyofura kwenye mafuta, kwa ajili ya arobaini ya shemeji yake.

"Karibu, mdogo wangu, kata unga. Wamekufukuza kwako?"

"Nimefukuzwa, eje, dada yangu. Binti anarekodi."

"Anarekodi nini, nyimbo?"

"Anarekodi mchezo. Anavyocheza kwenye kompyuta."

Ainash aligeuza vipande vyote vya karai mpaka vikabadilika rangi. "Sisi tulikuwa tunacheza na hakuna aliyetuangalia," alisema hatimaye. "Tukiangaliwa, tunachapwa."

Saa sita kasoro dakika mbili simu ya Saadat ilitetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Meerim: *Apa, habari ya joto imekwisha kabisa!! Utashangaa. Wewe ni mtu wa akili sana. Naanza sasa. Saa nane.*

Saadat alitabasamu, akamwonyesha Ainash. Kisha, akiwa ameshika kisu juu ya unga, alijiuliza amefanya akili gani. Jambo lile lilimkwaruza kidogo kama sindano iliyosahaulika kwenye nguo. Alikata unga. Alikunywa chai. Ainash alianza habari ya shemeji yake, akaivuka, akafika kwa watu wa Kubat, kama kila mtu wa mtaa ule alivyofika huko mwishowe.

"Mimi ndiye niliyeingia wa pili," alisema. "Unajua walivyokuwa? Wazuri. Mashavu mekundu kama bibi harusi. Nikasema, Mungu wangu, hawa wamelala tu. Nikamvuta mke wa Kubat mkono, nikamwambia amka, mvivu wee."

"Usinisimulie, eje."

"Nami nilisema nisikusimulie, lakini mdomo wangu haunisikii. Kosa lilikuwa dogo tu. Mgeni alisikia baridi, akafunga kidirisha. Mwenyeji hakujua, akafunga bamba. Kila mmoja alifunga kimoja."

Saadat aliweka kisu chini.

"Bamba langu liko wazi vidole viwili," alisema.

"Basi vizuri."

"Na kidirisha changu kiko wazi."

"Basi vizuri, mdogo wangu, nani amekuuliza?"

Aliinuka, akaenda dirishani. Kioo kilikuwa kimejaa mvuke wa mafuta na chai, naye akakifuta kwa kiganja. Mwanzoni hakuona kitu isipokuwa barabara nyeupe na moshi uliolala. Kisha aliona dohani yake. Uzi mwembamba ulitoka mle, ukasita, ukarudi ndani. Akashusha macho kwenye dirisha la chumba cha Meerim. Chini yake, nje, juu ya theluji, palikuwa na vitu vitatu vilivyopangwa kwa utaratibu wa mtu anayewaheshimu wazazi wake: mtungi wa krimu, kifurushi cha nyama na kopo la siagi.

Hakuelewa mara moja. Kwanza alifikiri, mbwa watakula nyama. Kisha akaona, kati ya vioo viwili, pale palipokuwa mahali pa siagi, kitu cheusi kimesimamishwa kwa ubavu kama kitabu rafuni, na kwenye ukingo wake taa ndogo ya kijani ikipepesa. Nyaya zilitoka kwake, zikapanda, zikaingia chumbani kupitia kidirisha cha pembe ya juu. Na kidirisha kile kilikuwa kimerudishwa na kubanwa juu ya nyaya, na kuzungukwa kote kwa pamba mpya nyeupe na karatasi mpya nyeupe, kazi safi, kama aliyomfundisha mwenyewe.

"Eje," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Saa ngapi?"

"Saa saba na robo. Kwani kuna nini? Saadat! Buti zako!"

*

Alivuka barabara kwa soksi. Mlango ulikuwa umetiwa komeo, kama alivyoambiwa. Aligonga kwa viganja, kisha kwa ngumi, akamwita binti yake kwa jina, kisha kwa jina la utotoni ambalo hakulitamka kwa miaka kumi. Ule mlango ulikuwa umevikwa manyoya ya kondoo dhidi ya baridi, na ngumi zake zilizama mle bila kutoa sauti ya maana.

Alizunguka mpaka dirishani. Meerim alikuwa ameketi mezani, mbele ya televisheni ya zamani aliyoigeuza skrini. Vipokea sauti vilikuwa masikioni. Kichwa chake kilikuwa kimelala juu ya mkono wa kushoto, uso umegeukia dirisha, na mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri, kama ya msichana aliyetoka kuoga. Mkono wa kulia ulikuwa bado juu ya kipanya. Kwenye skrini ngome ilikuwa ikiungua na watu wadogo wakikimbia huku na huku juu ya kuta zake, laini kama maji, bila kukwama hata kidogo.

Mashine yenyewe ilikuwa hapo mbele ya pua yake, nyuma ya kioo kimoja tu. Haikulia. Kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe, feni yake ilikuwa ikizunguka polepole, kwa raha, kama mnyama aliyeshiba.

Shoka la kupasulia kuni lilikuwa kwenye gogo lake. Hapakuwa na mahali pengine pa kupiga. Saadat alipiga kioo cha nje, na kwa pigo lilelile kompyuta ikaruka, ikafumuka nyaya, ikaanguka ndani ya theluji kando ya siagi. Pigo la pili lilipasua kioo cha ndani. Hewa iliyotoka ilikuwa ya uvuguvugu, na haikuwa na harufu yoyote.

Alivuta pumzi, akaishikilia, akaingia kwa tumbo juu ya vigae vya kioo. Alimshika Meerim chini ya makwapa. Msichana alikuwa mzito kama nguo iliyolowa. Mlangoni Saadat alilipiga komeo kwa kiwiko, mara moja, mara mbili, na lilipofunguka wote wawili wakaangukia nje miguuni pa Ainash, aliyekuwa amesimama na shali mikononi, simu sikioni, akimfokea mtu wa gari la wagonjwa kwamba kama hajui barabara yetu ilipo basi aulize kwa Kubat, kila mtu anapajua kwa Kubat.

Walimlaza juu ya shali. Saadat alimpaka theluji usoni, akampiga mashavu, akamwita. Wekundu ule haukuondoka. Ilipita muda ambao baadaye Ainash alisema haukufika dakika mbili, na ambao Saadat hakuweza kuupima mpaka leo. Kisha Meerim alikohoa, akageuka upande, akatapika juu ya theluji, na akasema kwa sauti ya mlevi:

"Usiguse waya."

"Sigusi, mwanangu. Sigusi."

"Imeshafika saa nane?"

"Bado," alisema Saadat. Akaanza kulia kwa sauti kubwa kama watu wanavyolia kwenye mazishi, mpaka Ainash akamzaba kofi la mgongo na kumwambia anyamaze, wafu hawaulizi saa.

*

Hospitali ilimweka Meerim siku tatu, na hewa safi ya mtungi puani. Siku ya nne alirudi nyumbani, akiwa na maumivu ya kichwa ambayo daktari alisema yataisha, na ambayo yeye mwenyewe hakusema kama yanaisha. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa ubao. Bamba la dohani halikuwapo tena. Saadat alikuwa amelitoa lote na kulitupa kwenye pipa la taka la barabara kuu, na sasa jiko lilikula ndoo mbili zaidi kila siku, na yeye alishona mpaka macho yakauma, na hakulalamika.

Jioni ile Temirlan alikuja na maandazi na uso usio na mzaha. Aliichunguza kompyuta, iliyokuwa imelala siku nne kwenye beseni la mchele ili ikauke, kisha akaifunika kwa kitambaa.

"Hii basi," alisema. Halafu akachukua diski ya nje, iliyokuwa mezani chumbani siku zote hizo bila kuguswa na mtu. "Lakini hii imepona. Ile aina ya faili… kilichoandikwa kimo. Niliwaandikia watu wa Almaty."

"Wakasemaje?" Meerim aliuliza.

"Wamesema pole. Wamesema nafasi imejazwa Jumamosi saa kumi." Alikuna shingo. "Na kwamba kama una saa mbili nzima, wangependa kuziona, kwa ajili ya mwakani."

"Sina saa mbili. Nina saa moja na dakika kumi na sita." Alijua bila kuangalia. "Iweke."

"Usiiweke," alisema Saadat.

"Apa, nataka kuona kama ilifanya kazi."

Temirlan alimtazama mama mdogo wake, kisha akaunganisha diski na kompyuta yake. Ngome ilitokea. Kwa dakika arobaini Saadat aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa miaka yote aliyogonga ukuta na kusema punguza kelele: binti yake akitoa amri kwa sauti tulivu, watu wanne wa mbali wakimtii, mishale ikifika pale alipotaka. Wenzake waliitikia kwa vicheko. Mmoja alisema, "Dada huyu ni mwendawazimu, mfuateni nyuma yake." Pembeni ya juu ilikuwapo nambari ndogo ya kijani. Sitini.

Dakika ya hamsini Meerim wa kwenye rekodi alisema kichwa kinamgonga, akacheka. Dakika ya hamsini na tano alitoa amri ileile mara mbili. Dakika ya sitini na moja alimwita mwenzake kwa jina la mtu aliyekufa zamani, bibi yake. Mishale yake ilianza kupita kando, kwanza kidogo, kisha sana.

"We dada, umelala?" aliuliza mmoja. "Kapteni! Wanaingia lango la kushoto!"

"Kaenda kunywa chai," alisema mwingine. "Wakubwa wana mambo."

Kisha ikaja sauti ya Meerim, karibu sana na kinasa sauti, nzito na ya upole.

"Apa, mbona umezima taa?"

Ilikuwa mchana wa saa saba. Hakuna taa iliyokuwa imewashwa.

Baada ya hapo hakusema tena. Alama ya shabaha ilibaki imeelekezwa kwenye ukuta mmoja wa mawe, na kila jiwe la ukuta ule lilionekana wazi, na kila ufa, na nyasi zilizoota katikati yake zikiyumba kwa upepo usiokuwapo. Wenzake waliita, wakatukana, wakaanza kuogopa, wakanyamaza. Nambari ilikaa pale pale. Sitini. Sitini. Sitini. Mahali fulani mbali mtu alikuwa akigonga mlango kwa ngumi, akiita jina la mtoto mdogo. Kisha kioo kikavunjika na picha ikasimama.

Temirlan alisogeza kitu kwa kidole, akarudisha nyuma, akaangalia mstari mmoja wa mwisho chini ya faili, kwa mazoea ya kazi yake tu.

"Haikushuka hata mara moja," alisema, na papo hapo akatamani asingelisema.

Meerim alikuwa akiutazama ule ukuta wa mawe. Saadat aliinuka, akaenda jikoni, akashika kwa mkono mahali ambapo bamba lilikuwa, ingawa alijua halipo, akahisi moshi ukipita kwa uhuru na kwenda zake. Kisha akarudi, akafungua mlango wa nje mpaka mwisho, na baridi ikaingia kwa mkupuo. Hakuna aliyemwambia afunge. Walikaa hivyo watatu, wamevaa makoti, na kopo la siagi lilikuwa mezani katikati yao, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepata pengine pa kuliweka.